Mizigo ya Kulala Nje

Mbung'o wa Lambwe wanapenda rangi ya buluu. Hilo tulilijua siku ya kwanza tulipofika, sote watatu tukiwa tumevaa fulana za buluu za shule tuliyofundisha, na kabla ya chakula cha mchana mgongo wangu ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyechapwa. Mlinzi wa lango la mbuga alitutazama akacheka. Alipoona hatucheki, akashusha sauti.

"Walimu, mkija tena vaeni kaki. Hawa wadudu wakiona buluu wanadhani ni ng'ombe."

Tulikuwa walimu wa shule moja ya kibinafsi mjini Migori. Mimi ni Mkuria, kwetu ni nje kidogo ya Kehancha, ambako wazazi wangu walilima tumbaku na kufuga. Wenzangu wawili walikuwa Wajaluo. Mmoja alitoka Homa Bay mjini, mwanamke mnene wa sauti kubwa, na alifundisha Hisabati. Wa pili alikuwa wa kisiwa cha Rusinga, mwembamba, weupe wa macho yake una manjano kidogo, na alifundisha Kiswahili kwa namna ambayo hata watoto wa mwisho darasani walikuwa wanainua mikono. Sikujua Kijaluo, wao hawakujua Kikuria, kwa hiyo urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili. Tuliitana Mwalimu, sote watatu, na sijui tulivyofanya lakini kila mmoja alijua ni yupi anayeitwa.

Wazo la kwenda kupiga kambi lilikuwa la yule wa Rusinga. Alilisema katika chumba cha walimu, siku ya kufunga shule, watoto wakiwa wanapiga kelele uwanjani.

"Likizo ikianza kila mmoja wetu anarudi kwao kukaa jikoni," alisema. "Mnajua mahali popote ambapo mwanamke wa umri wetu anaweza kukaa bila mtu kumtuma maji?"

Tulifikiri. Hatukupata.

Hema tulilinunua kwa wauza mitumba, la kijani, lina kiraka upande mmoja na harufu ya ghala la mtu mwingine. Na kwa kuwa hatukuwa tumewahi kulala nje kwa hiari, tulipakia kama watu wanaokwenda harusini. Tulibeba keki. Tulibeba redio, vikombe vya udongo, na vitanda vya kukunja ambavyo viligoma kukunjuka. Kiberiti kililowa kwenye mfuko pamoja na nyanya. Kamba hatukuwa nayo hata moja. Kila mtu alikuwa na blanketi moja jepesi, kwa sababu tulitoka Migori jua likichoma na hakuna aliyekumbuka kwamba bonde la Lambwe lina ukungu wake na baridi yake, inayopanda kutoka ardhini alfajiri na kuingia moja kwa moja kwenye mifupa.

Asubuhi, Mwalimu wa Hisabati na mimi tulikuwa tayari nje tukihangaika na kuni mbichi. Tulimwita mwenzetu aje aone twiga, waliokuwa wamesimama mbali kidogo wakitutazama. Hakuitika. Nilipoingia hemani nilimkuta amejikunja, magoti yamefika kidevuni, meno yameuma ukingo wa blanketi. Nilidhani ameumwa na nyoka.

"Si nyoka," alisema. "Ni mimi mwenyewe. Nipeni maji. Mengi."

Tulimpa maji. Tulimfunika kwa kila kitu tulichokuwa nacho, mpaka mifuko tuliyobebea vyombo. Akatafuta dawa za maumivu kwenye mkoba wake, akameza, na tukakaa pande zake mbili tukimsugua miguu hadi jua lilipopanda na hema likaanza kupata joto. Ndipo akatuambia. Alizaliwa na selimundu. Seli zake za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na zikikwama huwa ni kama mtu anapasua mfupa kwa kigae cha chupa. Baridi huleta. Kiu huleta. Kuchoka huleta. Kaka yake na dada yake walikufa nayo wakiwa wadogo. Yeye ndiye aliyebaki kwa mama yake.

"Mbona hukutuambia?" Mwalimu wa Hisabati aliuliza. Alikuwa amekasirika, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoogopa.

"Ningewaambia mngeanza kunibebea mkoba."

Na ni kweli, tulianza kumbebea mkoba.

Tangu siku hiyo upakiaji ulikuwa kazi ya Mwalimu wa Hisabati, na aliufanya kwa ukali uleule wa darasani. Vitu vilipangwa sakafuni nyumbani kwa mama yake, Homa Bay, jioni ya kuamkia safari, na hakuna kilichoingia mfukoni kabla hajakigusa. Turubai la kutandika chini ya hema, kwa sababu maji hayatoki juu tu. Magodoro mepesi ya sponji, yamekunjwa na kufungwa kwa mpira wa tairi. Kiberiti ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Jiko dogo la gesi, sufuria moja yenye mfuniko unaofanya kazi ya sahani. Unga, chumvi, dagaa wa omena waliokaangwa wakakauka kabisa, vitunguu. Chandarua. Sabuni ya kipande. Tochi, na betri ambazo hazikai ndani ya tochi. Jembe dogo la kuchimbia choo na mtaro. Hakuna nguo ya buluu, hakuna nguo nyeusi.

Halafu kulikuwa na rundo la pembeni, ambalo lilikuwa kubwa kuliko mengine: mablanketi mazito ya manyoya, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, mpira wa kutia maji moto na kuukumbatia, madumu ya maji ambayo sisi wawili hatukuruhusiwa hata kuyanawia mikono, vidonge vya kila siku vya yule wa Rusinga, dawa za maumivu za aina mbili. Hatukulipa jina rundo lile. Lilikaa tu karibu na mlango.

Siku moja, tukijiandaa kwenda kupiga kambi kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa, mwenyewe alikuja akalisimamia. Akalitazama kwa muda. Akauchukua ule mpira wa maji moto, akautupa kwenye kochi.

"Mnanipakia mimi," alisema. "Kila safari mnanipakia mimi, halafu kama kuna nafasi ndiyo mnaweka unga."

"Mwalimu, kaa chini," Mwalimu wa Hisabati alimwambia.

"Sikai. Nilitaka kwenda mahali ambapo mimi si mgonjwa. Nyumbani ni mgonjwa. Shuleni sasa ni mgonjwa, mwalimu mkuu ananiuliza kila asubuhi nimeamkaje kwa sauti ya matanga. Porini nako mnataka niwe mgonjwa?"

"Porini ndiko kwenye baridi!"

"Basi niachieni baridi yangu."

Mama mwenye nyumba alitoka jikoni, akatuona tumesimama hivyo, akarudi alikotoka. Mwishowe mimi ndiye niliyesema kwamba apakie mizigo yake mwenyewe, nasi tusiifungue kuitazama. Mwalimu wa Hisabati alikubali. Lakini usingizi wake wa safari ile ulikuwa wa mtu anayesikiliza mwenzake anavyopumua, nami najua kwa sababu nilikuwa nafanya vivyo hivyo.

Hakuna kilichotokea kule vilimani. Alilala vizuri, akaamka wa kwanza, akatupikia uji. Tulikaa tukitazama mitumbwi ikirudi na samaki chini yetu, midogo, na yeye alikuwa akiiga sauti ya kila mwalimu wa shule yetu mpaka nikamwaga uji kwa kucheka. Kwa miaka michache mambo yalikwenda hivyo. Kila likizo tulitafuta mahali. Tulirudi Lambwe tukiwa na kaki. Mara nyingine alipata maumivu, mara nyingine hapana, na akipata alijifungulia mzigo wake na kujitibu, nasi tulijifunza kuendelea kukata vitunguu huku machozi yakitutoka kwa sababu mbili.

Kisha mguu wake wa kushoto ulianza kuburuta. Alisema amekanyaga vibaya. Baadaye akasema viatu. Alipokwenda kupigwa picha, daktari alimwambia kwamba kichwa cha mfupa wa nyonga kimekufa, damu haikuwa inafika huko kwa muda mrefu. Alituambia habari hiyo akiwa ameegemea ukuta wa darasa la sita, na alichosema ni, "Hebu fikirieni, mtu anakufa kwa vipande."

Alipewa gongo la kutembelea. Ngazi za shule zikamshinda. Muhula uliofuata aliaga akarudi kwa mama yake Rusinga, na darasa lake likapewa kijana aliyekuwa anasoma kitabu cha mwalimu kwa sauti kuanzia kengele hadi kengele.

Tulikwenda kumwona mara kwa mara. Ukivuka daraja la Mbita unaingia kisiwani, na kwao si mbali na maji, boma la zamani lenye ua wa minyaa. Mama yake alikuwa Msabato, mjane, mwanamke wa maneno machache aliyetukaribisha kwa adabu lakini hakutupenda. Tulilijua hilo. Sisi ndio tuliokuwa tunamchukua mwanawe aliyebaki na kwenda kumlaza kwenye umande.

Mara ya mwisho tuliyokaa naye alitaka tupange safari. Tulidhani anatania.

"Hapa hapa," alisema, akionyesha nyasi kati ya nyumba ya mama yake na ua. "Mlete hema. Nitatoka mlangoni kwa gongo langu, nitembee hatua zangu, niwe nimesafiri. Nimechoka na dari."

Tulikubaliana wikendi. Mwalimu wa Hisabati alikuwa ameanza kutoa vitu kabatini. Mvua za masika zilikuwa zimekaza wiki ile, tukamwambia tungoje zipungue kidogo, naye akakubali kwa urahisi ambao sasa nikiukumbuka unaniuma, kwa sababu si kawaida yake kukubali.

Simu iliingia wakati wa mapumziko, nikiwa zamu uwanjani. Ilikuwa ya Mwalimu wa Hisabati, ambaye wakati huo alikuwa amehamia shule nyingine. Alinipigia simu akalia tu, nami nikakaa kwenye jiwe lililo karibu na bomba, watoto wakipita wakinitazama. Homa ilikuwa imeshika mapafu ya mwenzetu wa Rusinga. Walimpeleka hospitali, wakampa damu, wakampa hewa. Mama yake alisema hakuteseka sana mwishoni. Sijui kama ni kweli, au ni vile mama husema.

Nilisafiri hadi Homa Bay ili tuondoke pamoja. Nilimkuta mwenzangu amepanga vitu sakafuni. Mtu akienda matanga ya mbali anahitaji mahali pa kulala, nyumba za wenyewe hujaa jamaa, kwa hiyo tulikuwa tumekubaliana kubeba hema. Turubai, magodoro, jiko, unga. Tulipakia. Tulipofika mwisho alisimama katikati ya chumba na mikono imening'inia, akitazama karibu na mlango, ambapo hapakuwa na kitu.

"Mbona mizigo imekuwa myepesi hivi?" alisema. Nikamvuta tukaenda.

Walikuwa wamepanga kumzika Ijumaa, ili Sabato isiingiliwe. Tulifika siku iliyotangulia, na tulikuta boma limejaa watu na kelele nje ya ua. Vijana wenye majembe walikuwa wamesimama wakingoja. Baba mkubwa wa marehemu, mzee mrefu mwenye koti la mvua, alikuwa ameonyesha mahali pa kuchimba, na mahali penyewe palikuwa ng'ambo ya minyaa, kwenye nyasi za kuchungia mbuzi.

Sikuelewa. Mwalimu wa Hisabati alinifafanulia, akitazama chini. Kwa mila yao binti mzima ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Huzikwa nje ya ua.

Mama alikuwa amesimama mbele ya shemeji yake. Mwenzangu alikuwa akinitafsiria maneno yao kwa sauti ya chini.

"Mimi ni Msabato," mama alisema. "Mungu hajui ua."

"Wewe ni Msabato, mke wa ndugu yangu, na ninakuheshimu. Lakini boma hili lilijengwa na baba yetu, na baba yetu hakuwa Msabato. Tukimweka ndani, na likatokea jambo kwa mtoto wa mtu hapa, nani ataulizwa? Nitaulizwa mimi."

"Nimezika wawili ndani ya ua huu."

"Wale walikuwa watoto."

Mama aligeuka akaingia nyumbani. Majembe yakaanza.

Mazishi yenyewe nayakumbuka vipande vipande. Wanakwaya waliimba chini ya miavuli. Mwalimu mkuu alizungumza, akasema marehemu alikuwa mchapakazi, kana kwamba ndicho kilichokuwa cha kusemwa. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua na uliangukia sanduku kwa kishindo, si kama mchanga ule unaonyunyizika. Baadaye watu walikula, wakaaga, wakaanza kuondoka kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

Mama alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Tulikwenda kumsalimia kwa mara nyingine, na alizungumza nasi kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno.

"Alikuwa anaogopa baridi," alisema. "Maisha yake yote. Na sasa wamemlaza nje, peke yake."

Mwalimu wa Hisabati alisimama. Akaenda moja kwa moja mahali tulipoweka mizigo, akalibeba hema begani, akatoka kwa mlango wa boma. Nikachukua turubai nikamfuata. Tulilisimamisha karibu na kaburi, karibu sana kiasi kwamba kigingi kimoja kilikaribia kuingia kwenye udongo mpya. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria walitutazama.

Baba mkubwa alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, na nadhani mwenzangu alitamani agombane naye.

"Walimu, mnafanya nini?"

"Tunalala, baba," mwenzangu alimjibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Ndani kuna nafasi. Watu wameondoka."

"Tumezoea kulala nje na yeye."

Alisimama pale, mikono mifukoni mwa koti lake la mvua. Alilitazama hema, akatazama upande wa ziwa ambako mawingu yalikuwa yamejaa, akaondoka. Baada ya muda alirudi na jembe. Aliinama, mzee kama alivyo, akaanza kuchimba mtaro kuzunguka hema, kisha akauendeleza mpaka ukazunguka na kaburi, ili maji yakija yapite pembeni. Nilitaka kumchukia na sikuweza vizuri. Alipomaliza alijifuta uso akasema, "Mvua ya huku ni mbaya," akaenda zake.

Giza lilipoanza kuingia mama alitoka na blanketi mabegani. Aliinama mlangoni mwa hema, akatuuliza kama kuna nafasi. Ilikuwepo. Aliketi katikati yetu, miguu ameinyoosha, akigusa kitambaa cha hema kwa vidole kama mtu anayepima nguo sokoni.

"Niambieni," alisema. "Mlikuwa mnafanya nini huko porini?"

Tulimwambia. Tulimwambia kuhusu twiga, na keki iliyoliwa na nyani, na jinsi mwanawe alivyokuwa akiiga sauti ya mwalimu mkuu. Tulimwambia kwamba alikuwa akiimba kwa sauti mbaya asubuhi na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Mama alisikiliza. Hilo la kuimba lilimshangaza. Nyumbani hakuwa akiimba.

"Kila mlipokwenda, mimi sikulala," alisema. "Nilimwambia, baridi itakuua. Akanijibu, 'Mama, hata kukaa ndani kunaniua.' Nilimpiga kofi. Mtu mzima, mwalimu, nikampiga kofi. Hakukasirika. Alikwenda akapakia."

Mwalimu wa Hisabati alimshika mkono. Mvua ilianza, ikapiga juu ya hema mpaka hatukuweza tena kusikilizana, na mama akalala hivyo hivyo amekaa, kichwa kwenye bega langu.

Tulikaa Sabato nzima. Jumapili asubuhi tulikunja hema likiwa limelowa, zito kama mtu, na mama akatusindikiza hadi barabarani. Alituambia atamwomba shemeji yake asogeze ua, hata kidogo tu, ili minyaa izunguke na upande ule. Alisema atamwomba pole pole.

Mwenzangu aliolewa mwaka uliofuata akaenda Nakuru. Kabla hajaondoka tulijaribu safari moja, sisi wawili, Lambwe. Tulifika, tukapika, tukala, tukakaa tukitazama nyasi. Mchana ulikuwa mzuri. Alasiri alianza kukusanya vyombo bila kuniuliza, nami nikamsaidia, tukarudi kabla ya usiku. Siku hizi tunapigiana simu, tunaulizana watoto, tunaulizana kazi.

Likizo iliyopita nilikwenda Rusinga peke yangu. Mama amezeeka ghafla, anatembea akishika kuta. Ua uko pale pale ulipokuwa. Niliuliza kama aliwahi kuomba, akasema aliomba, na shemeji yake aliahidi kulitazama, kisha shemeji naye akafa. Wanawe wako mijini, na hakuna aliyejua ni nani wa kuulizwa.

Nilitoka nje nikamkuta mbuzi amefungwa kwenye jiwe la kichwani mwa kaburi. Nilimfungua nikamhamisha. Nikapiga magoti nikang'oa majani, ambayo yalikuwa yameota marefu na magumu, mpaka viganja vikaanza kunipwita. Mama aliniita kutoka ndani kwamba ugali unapoa. Nilimjibu kwamba naja, nikaendelea kung'oa.